Nilikata Bustani ya Rafiki Yangu, Halafu Nikasema Hakunikataza

Rafiki yangu mwenye unasoma hii barua, kaa hapa karibu. Sina mutu mwengine wa kuambia. Ile bustani ya pembeni ya barabara ya ziwa, hapa Nchelenge, Zambia, ni mimi niliiua. Batu banajua kama ni siye bamama ba kanisa tulikata. Banasema, "Habakujua." Rafiki, mimi nilijua! Nilijua, nikasema sikujua, na juu ya ile uongo nimepoteza mutu mwenye alikuwa kwangu kama ndugu ya tumbo moja.

Nitamuita Mama Neema. Si jina yake. Tulivuka ziwa pamoja toka Congo wakati ya vita, yeye na mimba, mimi na mutoto mu mugongo. Tulisoma pamoja masomo ya saa ya magaribi, bamama bazima tumekalia benchi ya batoto, magoti inagonga meza, tunacheka. Alikuwa ananiita Yaya, juu namupita miaka mbili.

Ile kiwanja ilikuwa muchanga tu, na masashi, mifuko ya plastiki ya kutupwa. Mama Neema alienda ku biro ya kanso, kwa bakubwa ba muji, akaiomba. Bakamuambia: "Sawa, panda. Mvua ikiisha tutakuja kuangalia. Kama iko muzuri itabakia bustani ya batu bote. Kama hapana, tutajenga vibanda vya kuuzia."

Lakini hakupanda maua ku mistari kama ile ya mbele ya mabiro. Alichanganya! Majani murefu ya pori, maua ya manjano yenye siye tunangoa mu mashamba, munkoyo yenye mizizi tunatengeneza nayo kinywaji, lengalenga ya kupika mboga, miti kidogo-kidogo ya huku kwetu. Yote pamoja, moja inapanda juu ya ingine. Nikamuuliza: "Mama Neema, utapanga siku gani?" Akacheka. "Yaya, nimeshapanga. Angalia."

Niliangalia. Niliona pori.

Unajua vile tulilelewa. Mutoto mwanamuke anaamuka, anashika fagio, anakomba lupango, uwanja ya nyumba yao, mpaka muchanga inaonyesha alama ya fagio. Majani kidogo tu ikibakia mbele ya mulango, bamama banapita banauliza: mu hii nyumba hamuna mwanamuke? Majani ni nyoka. Majani ni uvivu. Mama yangu alinipiga na fagio yenyewe juu ya majani!

Na batu bakaanza kusema. Mama mumoja Muzambia, muuzaji wa samaki, mwenye kujua Swahili ya biashara, akaniita katikati ya soko: "Bamayo ba Congo! Mumetuletea mpanga ku boma? Kesho mutaleta na nyani ya kukaa mule!" Kwa Kibemba, bamayo ni mama na mpanga ni pori; boma ni muji. Soko yote ikacheka. Mwengine akajibu: "Mubaache, kwabo ni vile."

Nilisikia haya mpaka mu mifupa. Miaka yote nakomba, nafua, nafunga kitambaa safi, ili basiseme bakimbizi ni bachafu. Sasa rafiki yangu mwenyewe analeta pori katikati ya muji!

Mvua ikaisha. Mutoto mwanamuke wa Mama Neema, mwenye anakaa ku Kafutuma, alikuwa karibu kuzaa, akapelekwa ku kituo cha afya cha kule. Mama yake akafunga mizigo. Kabla ya kupanda gari alinishika mikono yote mbili.

"Yaya, bakubwa banakuja Jumatatu. Kama sijarudi, uniangalilie bustani. Usikate kitu. Batu baseme nini, usikate. Uniapie."

Nikaapa. Nikasema, "Mbele ya Mungu." Rafiki, nilisema vile!

Jumamosi siye bamama ba kanisa tulikuwa na kazi ya usafi, vile tunafanya kila mara wageni banakuja. Kiongozi ni mimi. Mama mumoja akauliza: "Na ile pori ya Mama Neema? Bakubwa bataona ile haya?" Bote bakaniangalia.

Ningesema neno moja tu. Hapana! Basi, ingeisha. Lakini kicheko ya soko ilikuwa ingali mu masikio yangu. Nikajidanganya: naenda kumusaidia. Mugeni akikuja, si tunakomba? Nikasema: "Bamama, shikeni slasha, tukate majani."

Nilikata wa kwanza. Munkoyo ilikuwa na maua. Nyuki zikatoka, nyingi, zikaanza kuzunguka fasi moja, pale maua ilikuwa, kama batu benye bamerudi ku nyumba na nyumba haiko. Nyoka haikutoka. Hata moja! Chini ya majani nilikuta mayai tatu ya ndege. Nikafunika na mukono. Halafu nikaona bamama bananingoja, nikakomba.

Tuliwasha majani moto, tukaimba. Kiwanja ikabakia nyeupe, fagio imeandika mistari yake muzuri. Na mimi nilifurahi. Ee Mungu wangu, nilifurahi!

Jumatatu bakubwa bakafika. Bakasimama pa barabara. Mumoja akauliza: "Bustani iko wapi?"

"Tumesafisha, bwana."

Akaangalia muchanga, akaangalia karatasi yake, akaandika kitu. "Basi, hakuna bustani." Bakaenda. Kabla juma kuisha bakamwanga mistari ya chokaa, fasi ya vibanda.

Mama Neema alirudi siku mbili kisha bakubwa kupita. Mujukuu alizaliwa muzima, alikuwa na furaha. Gari ikamushusha pembeni ya kiwanja. Batu baliniambia alisimama mbele ya ile muchanga mpaka mizigo ikamuanguka. Akakuja kwangu. Nikamukaribisha, hakuingia.

"Yaya," akasema, "umekomba muzuri."

Kama angenitukana! Kama angenipiga!

Jumapili, kisha ibada, muchungaji akatuita juu maneno ilikuwa imemufikia. Bamama bote balikuwa pale. Mama Neema akasema pole-pole: "Nilimuachia Yaya. Nilimuambia asikate."

Muchungaji akaniuliza: "Ni kweli, mama?"

Na mimi, mwenye kushika funguo ya kanisa, nikajibu: "Hakuniambia. Labda alisahau, alikuwa na mawazo mingi ya mutoto yake." Nilisema na sauti ya huruma! Nilimufanya muongo, na nikamuhurumia!

Bakaniamini. Nyuma kule mumoja akanong'ona juu ya Mama Neema: "Anatafuta mutu wa kulaumu." Mama Neema akainuka. Akafunga kitambaa yake vizuri, akatoka. Akahamia Kafutuma kwa mutoto yake. Tukikutana ku soko ananisalimia, anauliza habari ya batoto. Ananiita Mama Kiongozi.

Sasa sikia hii. Juma lenye limepita, yule muuzaji wa samaki akanisimamisha. "Bamayo, juu ya nini mulikata? Nilizoea kukaa pale nikingoja gari ya Mansa. Kulikuwa baridi. Na bile bipepeo!"

"Lakini si ulikuwa unatucheka?"

Akashangaa. "Aa! Ni kucheka tu, bamayo! Na bwana yangu namucheka kila siku. Je, nimemukata?"

Nilirudi ku nyumba, nikalala chini, sikuweza kupika. Nilikuwa nimeuza kiapo yangu juu ya kicheko yenye mwenyewe alishaisahau!

Bamama benzangu, hata mukiona majani imekuwa murefu na haina mistari, muulize kwanza. Kuko mutu aliipanda. Kuko bintu binaishi mule. Majani kuwa murefu si zambi. Zambi ni kukata kitu hukupanda, juu unaogopa macho ya batu. Na ukikosa, sema umekosa siku ile ile! Uongo wangu ulichukua pumuzi moja tu, na siku hata moja haijapita bila kunichoma.

Jumapili hii nitasimama mu kanisa, niseme jina yangu na jina yake. Sijui kama atarudi. Siombi arudi.

Wewe nakuomba kitu moja. Uongo wangu ilitembea mbali, ilivuka mpaka ku kambi za bavuvi, ku kisiwa cha Chisenga, fasi mimi siwezi kufika na miguu yangu. Hii barua usiiweke mu sanduku. Musomee mwenye hajui kusoma, mupatie mwenye anavuka, mupatie mwenye anapanda gari. Na ukisikia mutu anasema yule mama alitafuta wa kulaumu, umukatize. Umuambie: alisema kweli, yeye ndiye alisema kweli.