Paneli Imejaa

Nakumbuka mchana mmoja kule Richardson, mwanangu, miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga, nilipoambiwa kwenye simu na kampuni ya bima niliyokuwa nimeiomba nafasi kwamba paneli imejaa. Nilikuwa mshauri nasaha mwenye leseni ya Texas na ghadhabu ya mtu aliyesoma huku akiogesha wazee wa watu. Paneli ni orodha ya washauri wanaokubaliwa na kampuni ya bima. Kama jina lako halimo, mgonjwa wako hata awe na kadi yao, hawalipi, na wangu hawakuwa na uwezo wa kujilipia.

Kati yao alikuwamo Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, mfanyakazi wa ghala. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuyatamka yaliyompata vitani. Bima ikampeleka kwa mshauri wao. Alirudi akaniambia, "Nilisema I'm fine, nikatoka. Kingereza ya kulilia sina."

Jirani yangu wa ofisini, mshauri aliyekuwamo kwenye paneli ile, mtu mwema tu, akajitolea tutumie jina lake: nimsikilize mimi, aandike kuwa amemsikiliza yeye. Nikaona nimepata njia. Nikampelekea habari Mama Njeri, nesi mkongwe wa Nyeri aliyewaongoza akina mama wa kanisa letu kule DeSoto. Akanikata kauli kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Ndiyo, alilisema kanisani.

"Hiyo ni fraud, ni ulaghai, utapoteza leseni," akasema. "Na usiposhikwa, watazidi kusema hawahitaji mtu kama wewe. Hebu waulize, kwenye hiyo paneli yao iliyojaa, nani anaongea Kiswahili?"

Jumapili, watu wakinywa chai baada ya ibada, akawaomba wenye kadi ya kampuni ile wapige simu kesho yake kuulizia mshauri wa Kiswahili. Wapige wenye shida ya kweli tu, uongo hautaki. Kila mtu akainamia kikombe chake. Kwetu, mwanangu, shida za nyumbani huombewa, na anayekwenda kwa mshauri huonekana amerukwa na akili. Mama Njeri akaweka kikombe chini.

"Nitaanza mimi. Tangu nimzike mzee wangu sijalala vizuri, na nimechoka kusema niko sawa."

Sikuwa nikilijua hilo, na tulikuwa tukionana kila juma. Wanawake wakaanza kutafuta kadi mikobani, mmoja mmoja, bila kutazamana.

Basi kampuni ile ilipigiwa simu hadi ikachoka. Aliyeambiwa hayupo mshauri alimtaka mkubwa wa aliyemwambia. Mwisho wakanipigia wenyewe, ati niombe tena. Wakaichunguza shahada yangu ya kwanza, ya Nairobi, miezi kadhaa, kana kwamba niliipikia jikoni. Nikajibu kila swali, na walipokaa kimya niliwapigia mimi. Wakaniingiza. Juma lile lile Mama Furaha aliketi mbele yangu akalia kwa lugha yake, na bima ikalipa.

Sasa sikia, mwanangu. Ukiambiwa nafasi zimejaa, uliza zimejaa akina nani. Usiingie kwa jina la mwingine, hata akupe kwa mapenzi, maana nyuma yako wapo watakaoulizia mtu kama wewe na wasimwone. Na ukiumwa, sema unaumwa. Mimi mlango nilifunguliwa na wanawake waliothubutu kusema hivyo.

Mungu akupe kichwa kigumu panapostahili, na akuwekee mtu wa kumlilia.