Dawa Si Moto wa Kuomba kwa Jirani

Kwetu Masisi, moto ukizimika jikoni, unaenda kwa jirani na kigae, unarudi na kaa la moto. Chumvi ni vilevile. Na dawa pia. Njo maana nilikasirika, na mpaka leo sijamaliza kukasirika.

Nilipozaa mutoto wangu wa pili, nilikaa miezi mitatu bila hamu ya kumubeba. Alilia, nami nilimuangalia kama mutoto wa wengine. Kanisani walisema ni uvivu, kisha wakasema ni pepo, wakaniombea yote mawili. Muuguzi wa santé, kituo chetu cha afya, hakusema kitu cha namna hiyo. Aliuliza kama ninalala, kama ninakula, kama nimeshatamani kufa. Nikamujibu ukweli. Akanipeleka kwa daktari, naye akaniandikia dawa ya ugonjwa wa huzuni, akijua kwamba ninanyonyesha.

Kidonge kimoja kila asubuhi. Muuguzi alinionya kwamba tumbo linaweza kusumbua siku za kwanza, na moyo hautafunguka mbio, itachukua majuma. Kasiksi, pombe ya ndizi, niiache. Mawazo ya kufa yakirudi, nije siku ileile.

"Na ukijisikia muzima, usiache wewe mwenyewe," alisema. "Tutaacha pamoja, pole pole."

Juma la sita nilijikuta naimba nikipalilia maharagi. Mama mukwe akanisikia. Kwake, wimbo ule ulikuwa cheti cha kupona. Plaquette ya vidonge niliyokuwa ninatumia niliifunga kwenye kitenge. Mbili zingine zilikuwa katika kopo la maziwa. Mama mukwe akazitoa, akamupelekea jirani yetu, mjane ambaye tangu akimbie vita vya Kitshanga hatoki kitandani. Kwetu, dawa iliyobaki kwa muntu aliyepona njo dawa bora: imeshaonekana inaponyesha.

Siku vidonge vya kitenge vilipoisha, nikafungua kopo. Tupu.

"Si ulishapona, mukamwana?" akasema. "Ulikuwa unaimba."

"Mama, niliimba kwa sababu nilikuwa nameza."

"Basi utaimba bila kumeza."

Nikaenda kwa jirani. Plaquette moja alishamutumia dada yake wa Kibua. Ya pili, alimeza vitatu kwa mara moja ili huzuni itoke haraka, akatapika siku nzima, akatupa vilivyobaki chooni. Nilitaka kumutukana. Lakini alikuwa amelala vilevile, uso kwenye ukuta.

Hapo nikafanya ujinga wangu mwenyewe. Badala ya kwenda kwa muuguzi, nikasema nitawaonyesha wote kwamba ninaweza bila dawa. Siku ya pili kichwa kilikuwa kinapigwa kama na umeme. Siku ya tatu nilikuwa ninayumba nikichota maji. Siku ya nne mutoto akalia, na mimi sikuinuka.

Mama mukwe aliingia, akatuangalia wote wawili. Akafunga mutoto mgongoni, akanishika mukono. Njiani akapita kwa jirani, akamutoa kitandani naye pia. Tukashuka mlima sisi wanne mpaka santé.

Muuguzi alinisikiliza, akaenda kuuliza daktari, akarudi na vidonge. Alinikataza kumeza viwili viwili ili kulipa siku nilizoruka. Jirani naye, muuguzi alimupima peke yake, akagundua kwamba anameza pia dawa ya tension, ile ya damu kupanda. Akasema dawa mbili hazikutani hivi hivi bila mwenye kuziandika kujua. Akamupa rendez-vous yake, siku ya kuonana na daktari. Kwa dada wa Kibua tulituma neno siku ile: asimeze, aende santé.

Leo kopo linalindwa na mama mukwe mwenyewe. Juzi shemeji yake alikuja kuomba "vile vya kuimba." Alimujibu akiwa amekaa: "Hii iko na mwenyewe. Shuka, ukaandikiwe yako."

Hajaniomba samahani, nami bado ninamununia kidogo. Jirani, yeye, ameanza kulima kipande chake kile cha karibu na nyumba. Na huyu mutoto niliyeshindwa kumubeba, sasa hataki kushuka mgongoni. Ninaandika, ananivuta nywele.