Greda Langoni kwa Jaji Kubena

Edmund Kubena alizaliwa matopeni, na nusu ya maisha yake aliitumia kuwatoa wenzake matopeni. Ndivyo watu wa kaunti yake, kule Texas kwenye mashamba ya pamba, walivyopenda kusema juu yake kabla ya maziko ya Vinc Orsak. Baada ya hapo walisema mengine.

Baba yake aliingia nchi ile akiwa kijana, akitokea Moravia, nchi ya Wacheki, na fidla moja na koleo moja, akalima pamba kwenye ardhi ya mtu kwa kugawana mavuno nusu kwa nusu. Edmund hakujua ila Kicheki mpaka alipoanza shule, na siku ya kwanza mwalimu alimchapa kwa sababu aliomba maji kwa lugha ya mama yake. Jioni alivuna pamba sambamba na Ludmila, msichana wa jirani. Ludmila alikuwa na mikono myepesi. Alikuwa akimaliza mstari wake, anarudi kuushika wa Edmund kutoka upande wa pili, wanakutana katikati.

"Edi konokono," alimwambia. "Pamba itaota tena kabla hujafika."

Alipokua, Edmund aliendesha basi la shule, akafundisha hesabu, kisha watu wakampigia kura awe jaji wa kaunti. Hakuwa mwanasheria. Kwao jaji wa kaunti hukaa kortini siku chache kuhukumu walevi na kugawa mirathi. Siku zilizobaki kazi yake ni barabara, madaraja na fedha za umma, yeye na makamishna wake. Edmund alijenga daraja la Kijito cha Mierebi, ambalo mafuriko yalikuwa yamelichukua mara mbili. Alileta gari la wagonjwa. Walipokufa wazee wasio na ndugu, alivaa suti yake ya pekee akasimama kaburini ili wasizikwe peke yao. Mkewe Albina alikuwa akimpigia pasi ile suti na kumwambia, "Hii suti inajua makaburi kuliko padri."

Udongo wa kule ni mweusi kama masizi. Kiangazi hupasuka hata ukaweza kuingiza mkono mzima. Mvua ikinyesha hugeuka gundi, ukiinua mguu kiatu kinabaki. Nyumba zimejitenga, kila moja na njia yake ndefu kutoka barabara ya kaunti mpaka barazani. Ndiyo maana kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika popote. Mtu akifa, maiti hulazwa sebuleni kwake, watu husali rozari, na asubuhi ya maziko greda la kaunti huja bila kuitwa, hulainisha njia ya mfiwa, huondoka. Gari la maiti likija linakuta pameshatandikwa.

Sheria ilikataza. Mtambo wa umma haukutakiwa kuvuka lango la mtu. Majaji waliotangulia waliangalia pembeni, na Kamishna Weldon Tharp akajifunza jambo kwenye kule kuangalia pembeni. Greda lililoingia kwa wafiwa likaanza kuingia kwa mashemeji, kwa waliompigia kampeni, na mwisho likachimba bwawa la samaki shambani kwake.

Edmund alimbana kwenye kikao, watu wakisikiliza.

"Bwawa ni la ng'ombe, Jaji," Tharp alisema. "Wakinywa vizuri, kaunti inakula nyama."

Watu walicheka. Edmund hakucheka.

"Kuanzia leo greda halivuki lango la mtu yeyote."

"Hata la mfiwa?"

Edmund alijua ametegwa. Akimruhusu mfiwa, kesho Tharp atakuwa na wafiwa kila nyumba.

"La yeyote. Sheria ni msumeno."

"Haya," Tharp alisema, akichukua kofia yake. "Tuombe Mungu asife mtu mvua ikinyesha."

Mvua ilinyesha, na Vinc Orsak akafa. Vinc alikuwa mume wa Ludmila.

Ludmila alimpigia simu mwenyewe. "Edi, mwambie Dominik aje na greda. Gari la maiti limekwama langoni."

"Siwezi, Ludmila. Nikikufungulia wewe, Tharp anapita nyuma yako."

"Sikuulizi habari za Tharp. Nakuuliza habari za Vinc."

Alimweleza tena, polepole, kama alivyokuwa akiwaeleza watoto hesabu. Alipomaliza aligundua kwamba simu ilikwishakatwa.

Wanaume walibeba jeneza mabegani, yeye Edmund akiwa mmoja wao. Katikati ya njia aliyekuwa mbele aliteleza, na Vinc Orsak akalala ubavu kwenye matope mbele ya mkewe. Ludmila hakulia. Alipiga magoti akafuta msalaba wa jeneza kwa upindo wa gauni lake, na alipoinuka alimtazama Edmund mara moja tu.

Usiku ule Albina alimsugulia matope ya suti. "Ungewapa siku ya maziko tu, Edi."

"Nani angepima ni ya maziko?"

"Wewe. Si ndiyo maana walikuchagua?"

Lakini alishikilia neno lake, kwa sababu jeneza la Vinc lilikuwa limeshalilipia. Mvua zilikuja na kwenda. Wengine walifiwa, wakabeba wafu wao matopeni, wakimlaani. Naye alijiambia kwamba angalau hakumpendelea mtu. Ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kumwonyesha Ludmila, kama siku moja angekubali kutazama.

Kisha Albina akaugua ini. Hakutaka kufia mjini. "Nilazwe sebuleni kwangu," alisema, "na unitoe kwa mlango wangu. Usiniangushe tu, Edi." Alitabasamu aliposema hivyo, lakini mkono wake ulimshika kwa nguvu.

Alikufa mvua zikiwa zimeshika. Edmund alikesha naye, akisikiliza mvua paani. Kabla hapajapambazuka vizuri alisikia injini langoni. Aliijua ile injini. Ndiye aliyesaini kununuliwa kwake. Dominik, dereva wa greda, alikuwa amekuja bila kutumwa na mtu. Albina alikuwa mama wa ubatizo wa watoto wake wawili.

Buti za Edmund zilikuwa mlangoni. Ilikuwa kazi ya kuzivaa, kutoka, kuinua mkono, na Dominik angezima. Alizitazama buti. Akatazama uso wa mkewe. Nje bamba la chuma lilikuwa likikwangua, likienda, likirudi, na yeye akabaki kitini mpaka kukawa kimya.

Gari la maiti lilifika barazani bila hata kutikisika. Lilipoanza kurudi na Albina, Edmund akiwa amekaa mbele na dereva, aliwaona watu wamejipanga kando na kofia mkononi, wakiitazama njia iliyolainika badala ya kumtazama yeye. Kisha akamwona Ludmila. Alikuwa amekuja kumsindikiza Albina, na viatu vyake vizuri vya kanisani, na alikuwa akitembea mtaroni, kando ya njia, matope yakimfika katikati ya muundi. Nafasi ya kupita juu ya njia ilikuwapo tele. Alinyanyua mguu, akauvuta, akautia tena.

"Simama," Edmund alimwambia dereva. Alishuka, akaingia mtaroni na suti yake.

"Ludmila. Panda gari, nakuomba."

"Rudi kwa mkeo, Jaji." Maisha yake yote alikuwa hajamwita Jaji. "Kule kwenu njia ni nzuri."

Alirudi.

Alidhani watamfukuza kwa kura, na moyoni alitamani hivyo. Walimrudisha kwa kura nyingi kuliko zote alizowahi kupata. Kwenye ukumbi wa dansi wanaume ambao hawakumsalimu tangu matope ya Vinc walimnunulia bia na kumvuta kwenye meza ya domino.

"Tulidhani wewe ni jiwe," walimwambia. "Kumbe ni mtu."

Tharp alimpiga begani. "Karibu nyumbani, Jaji. Bwawa langu limejaa tope kidogo. Unasemaje?"

Edmund alifungua mdomo, na neno lililokuwa humo miaka yote halikuwapo. Siku zilizofuata greda lilivuka malango kama zamani, la mfiwa na la asiyefiwa, naye akasaini mafuta yake.

Siku moja Dominik alirudi kazini akiwa amenuna. Alikuwa amepita kwa Ludmila, akitaka kumsawazishia njia kwa heshima tu, akakuta lango limefungwa kwa mnyororo.

"Alisema nini?" Edmund aliuliza.

"Aliniuliza kama Jaji amebadilisha sheria."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia hapana, mama, sheria ni ile ile." Dominik alifuta mikono kwenye tambara, bila kumtazama. "Akasema basi rudi nayo huko ulikotoka."