Mwaka Niliowazidisha Korongo

Mbegu za maharagwe zilizohifadhiwa kwa majivu zina harufu yake, na mtu ambaye hajawahi kulala chumba kimoja nazo hawezi kuielewa. Ni harufu kavu ya moshi uliopoa, na chini yake kuna udongo. Debe la mbegu la Cucu, nyanya yangu mzaa baba, lilikaa karibu na kichwa changu kitandani. Mwezi wa tisa ukiisha harufu ilizidi, kwa sababu Cucu alilifungua kila asubuhi, akaingiza mkono, akakoroga, akafunga. Nikisikia kifuniko kikilia nilijua tumeanza kuwangoja korongo.

Tuliishi Kieni, ile tambarare kavu kati ya Mlima Kenya na Nyandarua. Watu wa Othaya hudhani Nyeri yote ni majani chai na ukungu. Waje Kieni waone. Kwetu, ukipanda mapema, manyunyu ya kwanza yanaotesha mbegu halafu jua linazichoma. Ukichelewa, mvua inakata maharagwe yakiwa na maua. Kila nyumba ilikuwa na namna yake ya kukisia, na ya Cucu ilikuwa korongo, wale ndege wakubwa weupe wenye mbawa nyeusi mwishoni, mdomo mwekundu na miguu mirefu myekundu, wanaotoka mbali kaskazini huko kwao kukianza baridi. Hawakupita kwetu kila mwaka. Mara nyingine walikuwa juu sana, mfano wa punje za mchele zinazozunguka bila kupiga bawa. Mara chache sana walishuka wakatembea malishoni polepole kama wakaguzi wa shule, wakiokota panzi na viwavi. Cucu alisema wanafuata wadudu, na wadudu wanafuata mvua, basi, hakuna uchawi hapo. Lakini alikuwa na sharti moja. Korongo mmoja si kitu, ni mpotevu aliyeachwa na wenzake, hajui lolote. Ukiona kundi, panda.

Majirani walimwamini. Walipita langoni jembe begani wakiuliza kama kuna habari, naye akisema bado, walirudi nyumbani. Wasichojua ni kwamba macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na macho aliyotumia yalikuwa yangu. Nilikuwa na miaka tisa hivi, darasa la tatu. Nilifika la nne nikaacha, na sioni haya kulisema, kwa kuwa yadi yangu ya mbao pale Gatitu haikujengwa kwa cheti. Kila siku baada ya shule nilipanda kichuguu nyuma ya zizi nikaangalia upande wa Nanyuki hadi jua lishuke. Nikirudi nilimkuta Cucu amesimama mlangoni. Aliuliza, "Umeona nini?" Watu wengine wote waliniuliza kama nimechota maji na kama mbuzi wamefungwa. Cucu peke yake ndiye aliyetaka kujua nimeona nini.

Ng'ambo ya ua aliishi Wangechi, mke mwenza wa Cucu. Babu alipokufa waligombania jiwe la kusagia, na tangu hapo hawakusemeshana. Lakini kutosemeshana hakukuwazuia kutukanana. Wangechi alisema na mbuzi wake, kwa sauti, ili Cucu asikie. Mwaka ninaousimulia korongo walichelewa. Mwezi wa kumi ulifika katikati, mbingu nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa, na Wangechi, ambaye hakungoja ndege yeyote, akapanda nusu ya mbegu zake katika udongo mkavu. Halafu akamwambia mbuzi wake, "Kula haraka, wewe. Hatuna wakati kama wale wanaongoja ati barua iletwe na ndege." Wake za majirani walicheka. Cucu aliendelea kuchambua mboga, lakini niliona mikono yake imeanza kutupa hata majani mazuri.

Siku ya tatu ya maneno hayo nikamwona korongo. Alikuwa peke yake, kando ya bwawa la kunyweshea ng'ombe, amesimama kwa mguu mmoja, manyoya ya kifua yamechafuka kwa safari. Nilikaa kichuguuni nikimwangalia mpaka shingo ikaniuma, nikitafuta wenzake kila pembe ya mbingu. Hawakuwapo. Niliposhuka, Wangechi alikuwa uani kwake akimwambia mbuzi kwamba uzee ni ugonjwa. Cucu alikuwa mlangoni. Akaniuliza nimeona nini, nami nikasema korongo. Akauliza ni wangapi.

Nikasema, "Wengi, Cucu. Siwezi kuwahesabu." Nilisema kwa sauti kubwa ili Wangechi asikie.

Sijawahi tena kuuona uso wa mtu mzima ukibadilika namna ile. Cucu alicheka, akanishika kidevu, akaita majirani. Jioni hiyo hiyo habari ilizunguka kijiji. Asubuhi tulipanda debe zima, tukakung'uta hata majivu. Zikaja siku mbili za manyunyu, maharagwe yakachomoza mazuri kabisa, mgongo umepinda kama yanayoamka, kisha jua likawaka juma moja, likawaka la pili. Nilikuwa nikienda shambani alfajiri kumwagia maji ya kibuyu mstari mmoja, kana kwamba mstari mmoja ungeniokoa. Yote yalikauka. Ya majirani nayo yalikauka. Hata nusu ya Wangechi ilikauka, ila yeye alikuwa na nusu nyingine ndani.

Halafu korongo wakaja. Wakati huu walikuwa wengi kweli, walijaa malisho yote, na nyuma yao wingu jeusi likatoka upande wa mlima. Niliwaangalia nikatamani wafe. Cucu alitoka nje, akasikiliza midomo yao ikigongana kalakala, kwa maana kuwaona hakuweza vizuri. Alichukua kiondo kitupu, akaniambia nimfuate, tukavuka ua kwenda kwa Wangechi.

Wangechi alikuwa akipepeta mtama. Hakutukaribisha kiti. Cucu alisimama akaomba mbegu, maneno machache tu, bila kuinamisha kichwa. Wangechi alimwangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Huyu mtoto wako alisema ameona wengi," akasema. "Wachungaji wa bwawani walimwona mmoja tu."

Nilifungua mdomo, na Mungu ananiona, nilitaka kusema. Cucu akatangulia.

"Mtoto aliniambia mmoja," akasema. "Mimi ndiye nilisikia vibaya. Nimezeeka."

Wangechi aliacha kupepeta. Akaenda ndani akarudi na mbegu, akajaza kiondo mpaka juu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa babu akamwita Cucu kwa jina. Lakini yale maneno yalikwisha kutoka, na uani walikuwapo watu. Kufikia jioni kijiji kizima kilijua kwamba mama wa korongo amezeeka, hasikii vizuri.

Njiani nilingoja kofi. Hatua kama ishirini, thelathini, hakuna. Nikaanza kulia mwenyewe. Cucu alihamisha kiondo bega la pili akasema, bila kuniangalia, "Ungeniambia mmoja. Hata mmoja ningefurahi."

Mwaka uliofuata alinituma tena kichuguuni, na niliporudi aliniuliza tena, kwa sauti ile ile, nimeona nini. Nilimwambia kweli, siku zote, mpaka alipokufa. Lakini langoni hakuna jirani aliyepita tena kuuliza habari. Kila mwezi wa kumi alifagia njia ya langoni hadi barabarani kama anayetarajia watu, na mimi niliyejua sababu nilimsaidia kufagia, mdomo nimeufunga. Ningeweza kwenda nyumba kwa nyumba nikasema. Sikwenda.

Sitaki mtu aniambie zamani ilikuwa bora. Tulilala na njaa. Leo shamba la Cucu ni langu, nimechimba kisima, nimeweka mipira ya maji, na simu inaniambia mvua itanyesha siku gani. Ikikosea inakosea kidogo. Navuna maharagwe ambayo yeye hakuwahi kuyaota. Korongo nao wamekuwa adimu. Inapita miaka sioni hata unyoya. Lakini mwezi wa kumi uliopita nilikuwa yadini nikipima mbao, nikainua macho, nikawaona juu ya Gatitu wakizunguka bila kupiga bawa. Niliwaambia vijana wazime mashine. Wakazima, wakaangalia juu kidogo, mmoja wa hao wanaoniita mama akaniuliza, "Mathe, tuendelee?" Nikawaambia waendelee. Nilikuwa nimewahesabu mara mbili. Kumi na saba. Jioni nilifika kwangu, nyumba ya mawe niliyoijenga kwa mikono yangu hii, nikasimama mlangoni na hesabu yangu kamili mdomoni, na ndani hapakuwa na mtu wa kuniuliza.