Dada Aliniachia Nusu ya Nyumba Ambayo Tayari Alishampa Mumewe

Admin, nifichie jina tafadhali, maana mtu ninayemsema analala kitanda cha chini, mimi nikiwa cha juu, na ukurasa huu anaufuata. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, Mtanzania, sijaolewa. Nafanya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja Al Rigga, huku Uarabuni, na ninakaa mtaa wa Karama, chumba kimoja wanawake sita. Majina ya humu si ya kweli, ila machozi ni yangu.

Tumezaliwa wawili tu, mimi na dada yangu Eliza. Baba kabla hajafariki aliiandikisha nyumba yetu ya Morogoro kwa majina yetu wote wawili, nusu kwa nusu, akatuusia mama akae humo mpaka Mungu amchukue. Mimi nikaja huku kutafuta, dada akabaki na mume wake. Ndoa ikawa ya mateso, akawa ananililia kwenye simu, "Mdogo wangu, nitoe huku." Nikambembeleza meneja wangu mpaka akakubali kumwombea viza ya kazi.

Siku aliyofika, hata begi hajafungua, alinitolea bahasha. Ndani kulikuwa na hati ya kuachia haki, imesainiwa kwa wakili na mhuri juu, kwamba sehemu yake yote ya nyumba ananiachia mimi. "Umenitoa shimoni," akaniambia, "sina kingine cha kukupa." Nililia kama mtoto. Wanjiru, Mkenya tunayekaa naye, akapiga vigelegele: "Wee, sista kama huyu mimi ningempata wapi?" Nikaifunga ile hati kwenye kitenge, nikaiweka sandukuni. Kwenda kuuliza ofisi ya ardhi hata halikunijia kichwani. Karatasi ya dada yako wa tumbo moja unaikagua ya nini?

Tangu hapo mshahara wangu wote ukawa unaenda kwenye ile nyumba. Nikabadilisha bati, nikaweka vigae, nikaongeza vyumba viwili mama apangishe apate hela ya dawa. Dada alikuwa ananiona nikituma kila mwezi. Kimya! Ananipikia, ananisuka nywele, hasemi neno. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Mwezi uliopita mama akanipigia, sauti iko chini. "Mwanangu, shemeji yako amehamia hapa. Mimi amenipeleka chumba cha uani." Shemeji, yaani mume wa Eliza, alikuja na hati kama yangu, ya dada huyo huyo, ila yake imetangulia, na ameshaiandikisha ardhi. Nikampigia wakili kule Morogoro nikamwambia na mimi ninayo yangu. Akanijibu kwa upole, "Dada, mtu anakuachia alichonacho. Siku anakusainia wewe, alikuwa hana kitu."

Nilimsubiri dada atoke zamu. Hakukataa. Alikaa kitandani bado na yunifomu, akasema, "Alisema nisipomsainia sitoki nyumbani. Ningefanyaje?"

Nikamwambia, "Sawa, yeye alikulazimisha. Mimi je? Lini nilikudai nyumba?"

Akainamisha kichwa. "Niliona aibu kuja mikono mitupu. Nilitaka ufurahi."

Jamani! Nifurahi, huku unaniangalia nikimwezekea bati mwanamume aliyekutesa? Niliumia kuliko siku tuliyomzika baba. Angekuja na mikono yake mitupu ningempokea vile vile.

Sasa shemeji ameleta masharti, na aliyeniletea ni dada mwenyewe. Nikimwachia na nusu yangu, mama atarudi chumbani kwake na hatasumbuliwa tena. Nikikataa, abaki uani. Wakili anasema tunaweza kupigania nyumba mahakamani, ila lazima nimshitaki na dada pamoja na mumewe, maana hati mbili zote ni za mkono wake. Dada ananiambia, "Saini tu, khalas, yaishe, mama apumzike. Atatimiza." Wiki nzima nimejiuliza hilo neno "atatimiza" nalipokeaje kutoka mdomo ule ule.

Jana nilimpigia mama nimuulize anataka nini. Habari za nyumba hakuzitaka. Akaniuliza, "Eliza anakula vizuri? Usimtupe mwenzio, mwanangu. Huku uani kuna upepo mzuri." Nilikata simu nikaenda kulia chooni, kwa sababu kitanda chetu nikijigeuza tu kinapiga kelele na dada anaamka, anauliza, "Vipi, mdogo wangu, unaumwa?"

Ndugu zangu, pole zenu nimeshiba, nipeni akili. Nisaini mama arudi chumbani kwake, au nisimame mahakamani nimtaje dada yangu kwa jina? Na wewe wa kitanda cha chini, ukiisoma hii usiniamshe. Ngoja kwanza watu wanijibu.