Figo ya Sebit na Mfungo wa Nuriat

Kwa miaka mitatu Nuriat, fundi cherehani wa Nateete, alimeza vidonge vyake saa mbili asubuhi na saa mbili usiku bila kukosa, kwa ajili ya figo aliyopewa na kaka yake Sebit. Sebit naye kila alipoingia dukani hakusalimia kama watu wengine.

"Mgeni wangu anaendelea aje?"

"Anakula tu, kazi hakuna," Nuriat hujibu, akijigusa tumboni ilipo figo ile, wote wakacheka.

Ramadhani hii alichoka kunyweshwa chai mchana mbele ya waliofunga. Akafunga. Wala hakuruka kidonge hata kimoja, si mzembe yule: vya asubuhi aliviweka, akavimeza pamoja na vya jioni kwa tende ya kwanza. Siku ya tatu Sebit alimwona akifuturu, akapaza sauti mbele ya ukoo mzima: "Mashallah! Dada yangu amepona!" Baada ya sifa zile, nani angemwambia ale mchana?

Siku ya kumi na tisa miguu ilivimba. Hospitalini Daktari Nasike, Mkenya, alisoma majibu ya damu mara mbili.

"Mama, dawa ulikuwa unakunywa saa ngapi?"

"Yote nakunywa, dokta. Ila nakunywa pamoja, saa ya futari."

Nasike alivua miwani. Akamweleza taratibu kwamba ndani ya chembe nyeupe za damu mna kimeng'enya kiitwacho kalsinyurini. Kazi yake ni kubandua fosfeti kwenye protini fulani. Ikishabanduliwa, protini hiyo huingia katika kiini cha chembe na kuamsha vita dhidi ya chochote kigeni mwilini, hata figo ya kupewa. Vidonge hukizuia kimeng'enya hicho, lakini nguvu ya vidonge hupungua kadiri saa zinavyopita, ndiyo maana humezwa mara mbili; vikimezwa vyote pamoja, vita huanza kabla ya futari inayofuata.

"Figo itapona?"

"Tutajaribu dawa ya mshipa. Siwezi kukuahidi, mama."

Nuriat alilia kwa aibu zaidi kuliko kwa hofu. Jioni Sebit alifika wodini na chupa ya uji. Hakuuliza habari za mgeni. Nuriat akamsimulia yote, hadi ile tende.

Sebit aliinamisha kichwa, mkono ubavuni penye kovu lake.

"Mimi nilijua dawa yako ni ya asubuhi na usiku," alisema. "Siku ile ya futari nilijua, nikanyamaza. Nilitaka watu waone figo yangu imekuponya."