Tiba ya Farasi

Tulikuwepo hawa: mimi; Niwaeli, jirani yangu; Mbonea wa Bombo, mwanajeshi mstaafu na shemeji yake Niwaeli; Eliamani wa zimamoto, mtoto wa marehemu mdogo wangu; na punda wangu aliyevimba mguu.

Niwaeli ndiye aliyenipasha kwamba hapa Same kumefunguliwa tiba ya farasi. Mimi na darasa langu la pili nikapiga hesabu: punda ni ndugu yake farasi, hawatamkataa. Nikamkokota mpaka huko, maana akilala yeye, maji nabeba mimi.

Nikakuta wanaume wazima, Mbonea na Eliamani wakiwemo, wamewaegemea farasi, shavu kwa shingo, macho wamefumba. Nikajisemea, utaalamu huo, siku hizi homa inapimwa kwa shavu. Na Eliamani kumbe amekuwa daktari wa mifugo, hata hakuniambia.

"Baba, mwache huyo, ana afya kuliko wewe," nikamwambia kwa sauti ya mnadani. "Njoo umtazame wangu, ndiye mgonjwa."

Mbonea akainamisha uso. Eliamani hakufumbua hata macho.

"Shikamoo, mama mkubwa. Farasi ni wazima. Tunaotibiwa ni sisi. Tangu niingie kwenye ule moto, silali."

Kama nimekosea jina la mtu, nisahihisheni. Hilo la mgonjwa nimeshasahihishwa.